Supu ya Tangawizi na Baridi Isiyotoka

Namshukuru Mungu kwa pumzi, na ninyi akina mama wa Sosiot kwa kunipa masikio yenu. Jina langu ni Rael. Natoka Kimulot, ule upande ambao majani chai yanaishia na msitu unaanza. Niliombwa nije niwaeleze ugonjwa wangu tangu mwanzo. Nitaeleza polepole, kwa sababu hata leo mimi huchoka haraka, na kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuja polepole.

Kabla sijaugua nilikuwa mwanamke wa kazi. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Hapa kwetu kila mwanamke ni wa kazi. Nilikuwa nachuna majani asubuhi kwenye shamba letu, mume wangu Wesley anakamua ng'ombe, kisha yeye anapeleka majani kituoni yanakopimwa nami nakimbia kazini. Wakati huo Wachina walikuwa wakijenga barabara upande wetu na walikuwa na kambi yao karibu na senta, pale madukani. Mimi nilikuwa mpishi wa wafanyakazi wa hapa. Githeri, ugali na sukuma, maharagwe, chai ya saa nne. Jioni nikirudi nyumbani bado nilikuwa na nguvu ya kukoroga ugali wa watoto na kwenda mazoezi ya kwaya. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Kogo, yaani bibi, alikuwa akiniambia, "Wewe hata usingizi yako inakimbia."

Siwezi kuwaambia siku ugonjwa ulipoanza. Malaria unajua ilianza lini. Huu haukubisha hodi. Nilianza kuchoka, nikasema ni umri. Nikaanza kuamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala, nikasema ni kazi. Halafu ikaja baridi.

Mnaijua baridi ya kwetu. Mwezi wa saba ukungu unashuka mpaka mlangoni. Lakini mimi nilikuwa nahisi baridi Januari, jua likiwaka, vumbi la barabara likipanda. Nilikuwa navaa sweta mbili na gambuti, na soksi ya mume wangu ndani. Wenzangu kambini wako na fulana, mimi nimejifunga shuka mabegani kama mgonjwa. Ikawa kichekesho. "Rael, leo theluji itaanguka?" Nami nacheka nao, kwa sababu ukikataa kucheka watasema una kiburi.

Mwili ukabadilika. Ngozi ya miguu ilikauka ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, na nyusi zikapotea upande wa nje, huku na huku. Choo kiligoma, naweza kukaa karibu wiki nzima bila kwenda. Hedhi ilikuja nzito, ya kuloa nguo. Chakula nilikuwa nakula kidogo, lakini nilikuwa nanenepa. Uso ulivimba, hasa asubuhi, macho yakawa madogo. Watu walinisifu, wakiniita kwa jina la mtoto wangu. "Umenawiri, Mama Chepkoech! Wachina wanakulisha vizuri!" Niliumia sana kwa sifa hizo. Nilijua ule haukuwa unene. Nilikuwa nimevimba kama unga uliotiwa hamira.

Sauti nayo ikaharibika. Dada yangu alinipigia simu kutoka Bomet akasema, "Shemeji, nipe Rael niongee naye." Nikamwambia, "Ni mimi." Kwenye kwaya nilihama kutoka sauti ya pili nikakaa nyuma, kisha nikaacha kwenda.

Jambo baya kuliko yote lilikuwa akili. Nilikuwa nasahau. Natia chumvi kwenye maharagwe, nageuka, natia tena. Mtu ananiuliza kitu, nasikia swali vizuri, lakini jibu linatoka mbali, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Siku moja Wesley alikuwa akiombea chakula nikalala kabla ya amina. Watoto walicheka. Yeye hakucheka. Aliniangalia tu.

Nilienda kliniki, msidhani nilikaa tu. Mara ya kwanza waliniambia ni taifodi, wakanipa dawa. Nikameza. Mara ya pili wakasema damu ni kidogo, wakanipa vidonge vya damu, choo kikazidi kugoma. Mara ya tatu, mahali pengine, niliambiwa, "Mama, ni umri na mawazo. Pumzika." Nipumzike! Nilitoka pale nikaketi kwenye jiwe kando ya barabara, na sikuwa na nguvu hata ya kukasirika. Nikaamua sitaenda tena kuambiwa nina mawazo.

Sasa niwaeleze habari ya Mzee Shen.

Mzee Shen alikuwa mpishi wa Wachina wenyewe. Jikoni kwake na kwangu kulitenganishwa na ukuta wa mabati, lakini mfereji wa maji ulikuwa mmoja. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, wa maneno machache, na Kiswahili chake alikiokota barabarani kama sisi tulivyokiokota shuleni. Asubuhi moja nilikuwa naosha kabichi. Maji ya kwetu yanatoka msituni, mnayajua, yanauma. Nikawa natia mkono, natoa, natia, natoa, machozi yakinitoka. Akaja akafunga mfereji. Akashika vidole vyangu, akaviacha haraka.

"Mama Rael, wewe baridi ndani," akasema.

"Nje pia," nikamwambia.

"Hapana. Hii iko ndani. Nje ni hewa tu."

Akaenda kwake akarudi na kikombe. Ndani kulikuwa na tangawizi iliyopondwa na sukari nguru, imechemshwa mpaka ikawa nyeusi. Nikanywa. Ilinichoma koo, ikashuka kifuani, ikafika tumboni, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikahisi kuna mahali ndani yangu palipo na joto. Nililia. Alijifanya haoni.

Kutoka siku hiyo akawa ananifundisha. Kwao, alisema, majira ya baridi ni makali, mto unakuwa jiwe. Kwa hivyo wazee wao tangu zamani waligawa vyakula. Kuna vya joto na kuna vya baridi. Si joto la moto, kwa maana unaweza kuchemsha kitu mpaka kifure na bado ni cha baridi. Ni tabia ya chakula chenyewe ndani ya mwili. Nyama ya kondoo ni ya joto. Tangawizi, kitunguu saumu, mdalasini, pilipili manga, hivyo vya joto. Tikiti maji ni la baridi, matango ni ya baridi, kachumbari ni baridi. Wakati wa baridi mtu hali kitu kibichi. Anakula kilichopikwa pole pole, muda mrefu, ili tumbo lisifanye kazi ambayo sufuria ingeifanya.

Nikamuuliza kuhusu chai, maana mimi ni mtoto wa chai. Alitoka nje akanyoosha kidole kwenye mashamba. "Hiyo kijani, baridi," akasema. Kisha akanyoosha upande wa kiwanda, moshi ulikokuwa unapanda. "Ikitoka huko imekuwa nyeusi, hiyo joto." Nimechuna majani maisha yangu yote na sikuwahi kufikiria kwamba jani lina tabia.

"Lakini kwenu sasa si ni kiangazi?" nilimuuliza siku moja mwezi wa saba, kwa sababu alikuwa ametundika kalenda yao jikoni.

"Kalenda iko China," akasema. "Mwili iko Kimulot."

Akawa ananipikia. Supu ya kondoo na tangawizi nyingi, inachemka tangu asubuhi mpaka mifupa inaachia. Uji wa wali, mwepesi, wa kukoroga sana, na tangawizi iliyokatwa nyembamba juu. Alikuwa na tunda dogo jekundu lililokauka, limekunjamana kama uso wa bibi, aliletewa kutoka kwao. Alisema linasaidia damu ya wanawake. Jioni aliniambia niloweke miguu kwenye maji ya moto yaliyochemshwa na tangawizi kabla ya kulala.

Nilifanya yote. Na sitawadanganya, yalinisaidia. Choo kililegea. Miguu ilipata joto la kutosha kunipa usingizi. Nilikuwa napata saa moja, saa mbili, nikiwa mtu. Lakini joto halikukaa. Nilikuwa kama sufuria iliyoepuliwa. Supu ikiisha, baridi inarudi mahali pake.

Nyumbani kukawa na vita vya maziwa. Mzee Shen alikuwa amenikataza mursik, yale maziwa yetu ya kuganda, kwa sababu inanywewa baridi kutoka kibuyuni. Nikakataa kibuyu mbele ya Kogo. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kukataa kanisa.

"Hii maziwa ndiyo imelea bwana yako," Kogo akasema. Bado alikuwa ameshika kibuyu. "Imelea mimi. Leo Mchina amesema ni sumu?"

"Hajasema sumu, Kogo. Amesema ni baridi."

"Baridi! Sasa mimi nitaweka maziwa kwa blanketi?"

Wesley alitoka nje kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Mzee Shen alipopata habari hiyo alisikitika. Jumapili moja akaja nyumbani kwetu kwa miguu, na paja la kondoo limefungwa kwenye karatasi. Kogo alimkaribisha kwa baridi. Alimpa uji wa wimbi, moto, kwa maana mgeni ni mgeni. Yule mzee akanywa, akatazama ndani ya kikombe, akanywa tena. Akaomba kuona unga. Akaumimina kidogo kiganjani.

"Kwetu," akasema, "mama akizaa, tunampa uji ya nafaka ndogo kama hii. Mwezi mzima. Hakuna maji baridi. Hakuna upepo."

Nikamtafsiria Kogo kwa Kipsigis, maana Kiswahili cha Mzee Shen kilimpita. Akainua uso.

"Hata sisi," akasema. "Na supu ya mifupa. Na mafuta ya kondoo. Mwambie hata sisi."

Wakakaa jikoni wale wazee wawili mpaka jioni, mimi katikati nikitafsiri, nikisinzia, nikiamshwa nitafsiri tena. Walibishana kuhusu maziwa na hawakuelewana. Walielewana kuhusu kondoo. Alipoondoka Kogo akasema, "Huyu alilelewa na mama." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Lakini kabla ya kuondoka, Mzee Shen aliniita mlangoni kwenye mwangaza. "Toa ulimi," akasema. Nikautoa. Ulikuwa umevimba, mweupe, na pembeni una alama za meno, kwa maana haukuwa unatosha mdomoni. Akauangalia kwa muda. Uso wake ukabadilika.

"Mama Rael, chakula inasaidia mtu mgonjwa kidogo. Wewe si mgonjwa kidogo. Enda hospitali kubwa. Wachukue damu."

"Nilienda. Walisema ni mawazo."

"Enda tena."

"Nitaenda," nikasema.

Sikwenda. Si kwamba nilimdharau. Kwenda hospitali ni kuamka mapema, kuvaa, kusimama barabarani, kupanga foleni, kueleza. Na mimi wakati huo kuvaa peke yake kulinimaliza. Nilikuwa naketi kitandani na soksi moja mguuni, nyingine mkononi, nikiitazama mpaka chai inapoa. Mtu mwenye afya hawezi kuelewa uchovu wa namna hiyo. Hauko kwenye misuli. Uko kabla ya misuli. Ni kama yule mtu wa ndani anayeamuru mkono uinuke ameondoka bila kuaga.

Majuma machache baadaye nilianza kukohoa. Mvua ilikuwa haikatiki. Siku moja sikwenda kambini, na majani yalikuwa yamezidi shambani, nikasema nichune hata kidogo. Mvua ya mawe ikanikuta kwenye mistari. Nakumbuka mawe yakipiga majani, ile sauti kama ya mahindi yakimwagwa kwenye mabati. Nakumbuka nikifikiri, lazima nirudi nyumbani. Nakumbuka nikiwa nimesimama tu. Jinsi nilivyofika nyumbani sikumbuki.

Mengine haya nimeambiwa. Wesley alirudi kutoka kituoni mchana, akanikuta nimeketi jikoni karibu na moto, nguo zimeloa, mikono juu ya magoti. Macho yalikuwa wazi. Akaniita, sikujibu. Akaniita tena, nikasema neno moja, polepole sana, ambalo hakulielewa. Akagusa shingo yangu. Anasema alishawahi kugusa ndama aliyezaliwa amekufa, na nilikuwa hivyo. Nilikuwa karibu na moto na nilikuwa baridi hivyo. Hata kutetemeka sikuwa natetemeka.

Jirani alitoa gari. Walinipeleka hospitali ya Kapkatet, Kogo amenishikilia kiti cha nyuma, amebeba chupa ya chai, ile ya kutunza moto, ameijaza supu.

Kule alikuwepo daktari mwanamke, kijana. Wesley anasema hakupaza sauti hata mara moja. Alipima joto, akapima tena akidhani kipimo kimeharibika. Moyo wangu ulikuwa unapiga polepole kama mtu anayechimba kaburi peke yake. Alishika ngozi ya uso, akaangalia nyusi, akachukua nyundo ndogo ya mpira akagonga nyuma ya kisigino. Mguu uliruka, kisha ukarudi taratibu, taratibu. Ndipo akamgeukia Wesley.

"Mama huyu amekuwa akihisi baridi tangu lini?"

Wesley akasema, "Baridi? Daktari, huyu ana miaka akihisi baridi."

"Na sauti yake ilikuwa hivi?"

"Hapana. Alikuwa mwimbaji."

Mume wangu si mtu wa kulia. Anasema alipotamka neno hilo, "alikuwa", alilia pale mbele ya daktari.

Kumbe kuna tezi hapa, shingoni mbele, chini ya koo. Wanaiita thairoidi. Ndiyo inayowasha mwili. Yangu ilikuwa imekufa pole pole bila kelele na bila hata kuvimba shingo. Mwili wangu ulikuwa umepunguza kila kitu ili udumu: joto, moyo, tumbo, akili. Kisha homa ya mapafu na ile mvua vikaja kuzima kilichobaki. Daktari alituma damu ikapimwe mbali, lakini hakungoja majibu. "Tukingoja tutampoteza," alimwambia Wesley. Wakaanza dawa, pamoja na oksijeni, na dripu ya maji na dawa ya mapafu.

Kogo aliniona nimelala chini ya blanketi, rangi ya majivu. Akamwambia muuguzi, "Lete maji moto, tumkande. Lete chupa za maji moto tuweke miguuni. Huyu ni baridi inamuua."

Muuguzi akamshika mkono. "Kogo, hapana. Akipashwa haraka, moyo wake utashindwa. Blanketi tu. Atapata joto kutoka ndani, polepole."

"Basi supu."

"Hawezi kumeza sasa. Itaingia kwenye mapafu."

Hebu fikirieni mwanamke aliyelea watu maisha yake yote kwa kuwapa kitu cha moto, anaambiwa asimpe mkwe wake joto. Hakubishana. Aliketi kwenye benchi amekumbatia ile chupa. Muuguzi anasema alimkuta baadaye bado ameishika, supu imepoa ndani, naye anasema kwa Kipsigis maneno yale yale, kwamba nisiende kabla yake, si zamu yangu.

Mimi sikuona malaika wala mwanga. Watu huniuliza. Sikuona chochote. Siku fulani nikasikia mtu akikohoa kitanda cha pili, na nikajua ni kitanda na ni kukohoa. Nilianzia hapo.

Kupona kulikuwa kazi ya kuchosha kuliko kuugua. Dawa yenyewe ni kidonge kidogo cheupe, ukikiangusha kwenye mchele hukioni. Nilitegemea nitakimeza niamke. Daktari akasema, "Mama, ulizimika kwa miaka. Hutawaka kwa siku." Alianza na kiasi kidogo kwa ajili ya moyo, akaongeza pole pole. Nilirudi nyumbani nikiwa natembea kwa kushika ukuta. Ngozi ilibambuka. Nywele zilizidi kuanguka kabla ya kuanza kuota, nikanyoa zote. Viungo viliuma. Kulikuwa na asubuhi nilizofikiri ni bora wangeniacha pale nilipokuwa, ambapo hakuna aliyenidai kuinuka. Nasema hivyo kwa sababu najua hapa kuna mtu anayefikiri hivyo na anaona haya.

Na kidonge kina masharti. Unakimeza na maji matupu ukiamka, tumbo likiwa tupu, kisha unangoja karibu saa nzima kabla ya kula. Bila chai. Bila maziwa. Mwambie mtu wa Kimulot akae asubuhi ya Julai akitazama chai ya maziwa ikitoa mvuke na asiiguse! Kogo aliposikia maziwa yanazuia dawa isiingie mwilini, alikunja uso akasema, "Hata daktari pia?"

Nilimuuliza daktari kuhusu chakula. Nilimweleza yote, kondoo, tangawizi, uji, yale matunda mekundu. Niliogopa atacheka. Hakucheka. Alisema, "Kula. Chakula cha moto, kilichopikwa vizuri, ni kizuri kwa mtu dhaifu, na kinakusaidia choo. Mursik pia unaweza kurudia, mradi usiichanganye na saa ya dawa. Lakini hakuna supu inayoweza kufanya kazi ya tezi. Na mtu yeyote akikupa mizizi au unga wa dawa, niletee kwanza." Basi. Sikuhitaji kuchagua kati yake na Mzee Shen. Ila nilihitaji kujua nani anafanya nini.

Mzee Shen alikuja kunitazama mara moja. Barabara ilikuwa imekwisha, kambi inahamishwa kaunti nyingine. Nilikuwa nimeketi nje, kichwa kimenyolewa. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Mimi nilipika sana," akasema. "Nilichelewa kusema hospitali."

"Mzee," nikamwambia, "wewe ulisema. Na kabla ya kusema ulinishika mkono. Wengine walikuwa wananiambia nimenawiri."

Alikubali kwa kichwa, lakini nadhani hakukubali moyoni. Akampa Kogo mfuko wa yale matunda mekundu, yote yaliyobaki. Kogo akaingia ndani akatoka na unga wa wimbi, uliosagwa jana yake, akaufunga vizuri kwa kitambaa chake cha kichwa. Hawakuhitaji mkalimani. "Kongoi," Kogo akamwambia, yaani asante. Naye akajibu, "Kongoi." Hatujamwona tena. Namba yake haipatikani. Popote alipo, Mungu ampe mtu wa kumpikia.

Mkiniuliza leo kama nimepona, nitawaambia sikupona kama mtu anavyopona malaria. Kidonge nitakimeza mpaka siku ya kufa. Damu yangu inapimwa kila baada ya muda. Nachuna majani, lakini nikifika nusu ya mstari naketi. Sauti imerudi nusu. Nyusi zilirudi, hizi mnazoziona, na hilo linanifurahisha kuliko inavyostahili. Joto langu ni langu. Asubuhi nikiamka na kukuta miguu yangu ina joto ndani ya blanketi, kabla sijafanya chochote, nakaa kidogo nikiihisi. Hayo ndiyo maombi yangu ya asubuhi.

Akina mama, nawaomba jambo. Mtu nyumbani mwako akisema anahisi baridi wakati wengine wanatoa jasho, usimwambie avae sweta tu. Muulize, tangu lini? Akichoka na kuvimba na kusahau, usimwite mvivu. Akaseme hospitalini yote kwa pamoja, baridi, choo, nywele, hedhi, sauti, asiseme kimoja leo na kingine mwaka ujao. Aombe tezi ipimwe. Wakimwambia ni mawazo, aende tena, na kama hana nguvu ya kwenda, mwende naye. Mimi nilihitaji mtu wa kunivalisha soksi.

Na mpikieni. Msiache kumpikia eti kwa sababu dawa ipo.

Mwaka huu Kogo alianza kulalamika baridi. Amezeeka sana sasa, amekuwa mwepesi kama kapu tupu. Sikungoja. Nilimpeleka Kapkatet kwa yule daktari, tukatoa damu, tukangoja majibu kwa hofu. Daktari akasoma, akatabasamu. "Tezi ni nzima. Moyo ni mzima. Kogo amezeeka tu. Mpe joto."

Basi nampikia. Kondoo na tangawizi, mpaka mifupa inaachia. Uji wa wimbi. Miguu yake nailoweka jioni na kuikausha kidole kwa kidole. Mursik anakunywa, hilo sijaweza kulizuia na sitajaribu. Kwake yeye, chakula kinatosha.

Sasa niruhusuni niende. Naona mawingu yamekaa upande wa Kimulot, na kuna mama mzee nyumbani ambaye hakubali uji wa mtu mwingine.